Mama Aliyepandisha Boga Mlimani

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na mistari yangu ina tabia ya kupanda kuelekea kulia hata karatasi ikiwa imepigwa mistari. Tahajia nayo msinihukumu sana. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo jembe nimelishika mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole. Chai niliyoiweka hapa pembeni wakati naanza imeshapoa, na bado niko kwenye kuomba radhi. Lakini kuna mtu nataka mumjue, na kila nikitaka kumsimulia kwa mdomo nacheka kabla sijafika katikati, kwa hiyo nimeona bora niandike.

Mtu huyo sisi wa huku bondeni tunamwita Mama Kiongozi. Jina lake lipo, ila ukilitaja hata yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza wageni kutoka mjini Morogoro, kulifuata bonde la mto kwenda juu, kupita migombani, kupita msituni, mpaka kwenye maporomoko ya Choma. Si njia ngumu. Si kama kwenda kilele cha Lupanga, ambako watu hurudi wameapa kutorudi. Njia yetu inapanda, inapumzika, inapanda tena, na mtu mwenye miguu ya kawaida anafika akiwa bado ana nguvu ya kupiga picha. Sitawaambia Mama Kiongozi alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo wenyewe wanayajua. Nitawaambia alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anacheka, na alichonifanyia Jumamosi moja nikiwa na boga kichwani.

Lazima nianze na hilo boga.

Milima ya Uluguru kila kitu kinashuka. Ndizi zinashuka, maharage yanashuka, karoti, magimbi na mananasi yanashuka, yote vichwani mwa akina mama wanaokwenda kuuza sokoni mjini. Mtu anayepanda huwa mikono mitupu, au amebeba chumvi na sabuni. Mama Kiongozi peke yake ndiye aliyekuwa anapanda na boga. Boga zima, zito, la kijani lenye michirizi, limekaa kichwani juu ya kata ya kanga. Alilipandisha kwenda kule kule ambako maboga hutoka.

Akina mama wanaoshuka hawakumwacha apite salama.

"We mama, hilo boga limekosa nini mjini hata unalirudisha kwao?"

"Halijakosa kitu, linakwenda kusalimia ndugu zake!"

"Basi liambie limwamkie shangazi yake, yuko humu tengani."

"Shangazi, shikamoo!" Mama Kiongozi analijibia boga kwa sauti nyembamba, na wote wanacheka, wale wa mizigo wakicheka kwa shingo ngumu ili tenga lisianguke.

Sababu ya boga ni hii. Mlimani ukimuuliza mtu kama bado ni mbali, atakunyooshea kidevu na kukwambia, "Hapo tu." Hiyo "hapo tu" inaweza kuwa nyuma ya mgomba ule, na inaweza kuwa ng'ambo ya mlima. Hakuna anayekusudia kudanganya. Ni adabu, mtu hapendi kumvunja mgeni moyo. Sasa Mama Kiongozi alichoka kusema "hapo tu" na kulaumiwa. Akaweka sheria yake. Kabla ya kuondoka, pale chini darajani, alisimama mbele ya wageni na kutangaza:

"Jamani, mtauliza chochote. Ulizeni miti, ulizeni ndege, ulizeni umri wangu, nitawadanganya vizuri. Swali moja tu hatuulizi. Atakayeuliza kama bado mbali, anapokea boga. Atalibeba mpaka mwingine aulize. Tukifika juu tunalipika, tunalila, tumemalizana."

Wageni walicheka wakidhani ni utani. Hawakufika mbali kabla mmoja wao hajapokea boga.

Niliwahi kuona wafanyakazi kutoka kiwanda cha Mzinga wakijaribu kumshinda kwa ujanja. Walipatana wasifungue mdomo. Katikati ya msitu, mmoja wao akashindwa, akamgusa Mama bega, akaonyesha mbele kwa mkono, akainua nyusi. Wenzake wakapiga kelele kwamba hajasema neno. Mama akalitua boga, akafikiri kama hakimu, akasema, "Mkono nao una mdomo. Pokea." Wanafunzi wa chuo kule Mazimbu wao waliuliza kwa Kiingereza. Mama Kiingereza hakukijua, lakini alimpa boga aliyeuliza bila hata kusubiri amalize. "Sura ya swali hilo naijua," alisema. "Kwa lugha zote ni ile ile, imelegea hapa kwenye mashavu."

Na kulikuwa na yule bwana mnene kutoka Dar es Salaam, mtu wa ofisini, mwenye jasho jingi na moyo mzuri. Aliuliza mapema sana. Akalibeba. Akauliza tena hali amelibeba yeye mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea, na Mama akasema adhabu yake ni kulipatia boga jina. Akaliita Mpenzi. Kufika juu tukataka kulipika, bwana akalikumbatia. "Hapana. Tumepita mengi mimi na huyu." Tukadhani anatania. Hakutania. Mama ilibidi akatafute boga jingine kwa wenyeji wa pale juu, na lile la kwanza likashuka, likapelekwa mpaka stendi ya Msamvu, likapanda basi likiwa mapajani. Jioni bwana alimpigia Mama simu kumjulisha kwamba Mpenzi amefika salama ila alisumbuliwa kidogo na kona.

Mama alipenda kusema, "Siku watu watakapofika majini bila hata mmoja kuuliza, siku hiyo mimi nastaafu. Nitajua nimemaliza kazi." Aliisema hiyo kila wiki, akicheka, kwa sababu alijua haitatokea. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Kutembea kwake kulikuwa kwa ajabu. Aliwaambia wageni waende taratibu kama anayemfuata kuku wa kumkamata, lakini yeye mwenyewe kila tukigeuka yuko mbele. Wakati wa kupumzika hakukubali kwamba anapumzika. Alikaa juu ya jiwe na kusema, "Nalisikiliza jiwe." Goti lilipoanza kumsumbua aliyasikiliza mawe mengi sana.

Viatu vyake vilikuwa vile vya plastiki vyenye matundu. Lakini alivipenda sana viatu vya wageni, vile vikubwa vyenye kamba nyingi. Aliomba avishike, akavigeuza, akavigonga soli kama anayechagua nazi. Siku moja mgeni mmoja akamwachia vyake. Jumamosi iliyofuata Mama akaja amevivaa, anatembea kama jogoo kwenye matope, hasalimii mtu. Tulipofika kwenye migomba ya kwanza akavivua. Akavifunga kamba, akavitundika shingoni, na akapanda hivyo, viatu vya plastiki miguuni, viatu vya ngozi kifuani, boga kichwani. Mama mmoja wa mzigo akamwuliza, "Hivyo vya shingoni ni vya nini?" Akajibu, "Vya Idi."

Na mwanamke huyu ambaye hakuogopa radi, wala utelezi, wala siafu, alimwogopa kinyonga. Milima yetu ina vinyonga wengi, na wageni wanawapenda kupita kiasi. Mama alijua wanapokaa wote. Ila alipowaonyesha alisimama nyuma ya mgeni mwenye mwili mkubwa kuliko wote, akanyoosha fimbo ndefu, akasema haraka haraka, "Yule pale, mzuri, ana macho mawili, mkia mmoja, Mungu amemjalia, tuendelee."

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Mimi vinyonga siwaogopi. Ninaowaogopa ni watu.

Tulikuwa majirani, uzio mmoja wa mabua kati yetu, na aliniona nikikua bila kunisikia. Mgeni akija kwetu mimi nilikuwa tayari jikoni. Salamu yangu ilitoka kama mvuke. Mama Kiongozi akaanza kunichukua Jumamosi, eti nimsaidie kushika vinyonga. Nikamweka kinyonga mkononi, wageni wakakusanyika, wakauliza maswali, na mimi nikayajibu nikimtazama kinyonga. Ilikuwa rahisi. Nilikuwa naongea na kinyonga na wageni wanasikiliza. Nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukijua nyumbani, kwamba nikicheka nina sauti. Ilitoka kule msituni, ikagonga ng'ambo ya bonde, ikarudi, nikaishangaa kama ya mtu mwingine. Kuanzia hapo sikutaka kitu kingine maishani. Nilitaka njia ile.

Alinifundisha na kupishana. Njia yetu ni nyembamba, na mwenye mzigo hapishi, anapishwa. Wewe unayepanda mikono mitupu unasogea upande wa mlima, unaegemea majani, na unaanza wewe kusalimia, kwa sababu yeye pumzi yake ina kazi. Wageni wengi husogea upande wa bondeni kwa heshima nyingi, na nusura waporomoke na heshima yao. Mama alinipa kazi ya kusalimia kila mzigo. "Usiangalie uso," aliniambia. "Salimia tenga. Tenga halina macho." Nikasalimia karoti. Nikasalimia mananasi. Karoti zikaniitikia, "Marahaba mwanangu," nami nikaendelea hivyo hivyo mpaka nikazoea nyuso zilizo chini yake.

Sasa goti. Lilimzidi. Ilifika mahali kikundi chetu cha kijiji kinachosimamia njia hii kikaitisha kikao pale kwenye banda la mikutano, kuamua nani ataongoza wageni baada yake. Binamu yangu Shabani, dereva wa bodaboda, mcheshi, mwenye mdomo usiochoka, akasimama.

"Mimi nasema tusitese watu. Wageni tuwapandishe kwa pikipiki mpaka pale barabara inapoishia. Kinachobaki ni kidogo tu, wanatembea, wanapiga picha, wanashuka. Nani siku hizi anataka kubeba boga?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama Kiongozi akasema, "Kuna huyu," akaninyooshea kidole.

Nilitamani ardhi inimeze. Shabani akacheka mpaka akaegemea nguzo. "Huyu? Mama, huyu akikuamkia leo shikamoo yake unaisikia kesho!"

Banda zima likacheka. Hata mimi nilicheka, lakini hakuna aliyesikia. Mama hakucheka. Alisema Jumamosi inayokuja kuna wageni, niwaongoze mimi, na yeye atakuja kama mgeni, hatafungua mdomo kunisaidia. Nikiwafikisha majini wakiwa na furaha, njia ni yangu. Nikishindwa, pikipiki za Shabani zianze. Kikundi kikakubali, na Shabani akachaguliwa kuwa shahidi.

"Nitakuja na miguu yangu," akasema Shabani, kana kwamba ni kitu anachokitunza kabatini.

Wageni wa Jumamosi hiyo walikuwa wanakwaya kutoka Kihonda, akina mama na akina baba, wote wamevaa fulana za rangi moja. Mama Kiongozi alisimama katikati yao na fulana hiyo hiyo. Sijui aliipata wapi. Alikuwa amevaa vile viatu vikubwa vya kamba. Aliponiona aliniangalia kama hanijui.

"Kiongozi wetu ndiye nani?" akauliza kwa sauti.

Niliweka boga kichwani. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Shikamooni, karibuni." Angalau nilidhani nimesema.

"Ati?" akasema mama mmoja wa kwaya.

"Amesema nini?"

"Amesema kitu? Mimi niliona midomo tu."

Shabani akageukia mtoni ili asionekane anavyocheka. Boga likaanza kuniyumba kichwani, nikalishika kwa mikono miwili. Ndipo mzee mmoja mfupi, mwalimu wa kwaya, akaja mbele yangu, akaniweka viganja mabegani.

"Binti, wewe hewa unaivutia wapi?"

Nikaonyesha shingoni.

"Ndiyo maana. Shusha. Vuta mpaka kwenye mkanda. Haya, usiseme, imba. Hata kwa noti moja. Sisi tutakujibu."

Nikavuta hewa mpaka kwenye mkanda. Nikasema shikamooni kwa noti moja, ndefu, kama mbuzi aliyesahauliwa. Na wale wanakwaya, Mungu awabariki, wakajibu "Marahaba" kwa sauti nne. Sauti ya kwanza ikapanda juu kama moshi, ya nne ikabaki chini na mawe ya mtoni. Nilisisimka mpaka kwenye unyayo. Nikaisema sheria ya boga hivyo hivyo, kwa noti ile moja, na kila nilipomaliza sentensi waliikokota mwisho wake wakaipamba. "Atakayeuliza..." "Atakayeulizaaa!" "...anapokea boga." "Bo-o-o-ga!"

Tukaanza kupanda hali tunacheka.

Nilikuwa nimefikiri jambo moja usiku wa kuamkia siku hiyo. Niliona kwamba swali lile mtu huliuliza macho yake yakiwa hayana kazi. Akiwa na cha kutafuta, miguu inasahaulika. Kwa hiyo niliwaambia, "Kuanzia hapa kwenye huu mti ulioanguka mpaka kwenye kijito, kuna vinyonga. Sisemi wapi. Atakayemwona wa kwanza atatuchagulia wimbo." Wakatawanya macho kwenye majani kama watoto. Walienda taratibu bila mtu kuwaambia. Na katikati yao alikuwa Mama Kiongozi, amezungukwa na watu wanaotafuta kinyonga kwa furaha, naye akitafuta kwa hofu, na kwa sababu ya hofu akawa anawaona yeye kwanza kila mara.

"Yule!" anapiga ukelele, anaruka nyuma, anamkanyaga Shabani.

"Mama mgeni ana macho huyu!" wanakwaya wanashangilia. "Chagua wimbo!"

"Wowote! Wowote! Mwondoeni!"

Tukakutana na akina mama wa mizigo. Wanakwaya niliwasogeza wote upande wa mlima, nikasalimia, na ile sauti ya noti moja ikatoka yenyewe. Mama mmoja mwenye tenga la karoti akasimama.

"He! Leo boga limebadili kichwa? Na yule wa siku zote yuko wapi?"

"Mimi mgeni tu, nimetoka Kihonda," akajibu Mama Kiongozi kutoka kwenye majani, na yule mama alicheka mpaka karoti mbili zikaruka.

Jua lilikuwa limepanda, tumeingia kwenye msitu wenyewe, ule wa miti yenye ndevu za kijani, na hakuna aliyeuliza. Nikaanza kuhesabu pumzi za watu nyuma yangu. Shabani ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Mtu wa pikipiki kutembea ni mtihani. Nilimwona akifungua mdomo, nikamwona akikumbuka kwamba kuna boga, nikamwona akilimeza lile swali kama anavyomeza kidonge bila maji. Alilimeza mara nyingi. Mwishoni alikuwa anatembea ameuma kola ya shati.

Tukausikia mlio wa maji. Shingo yangu ilikuwa inawaka moto, boga limezama kwenye kata kama limepata kwao, na mimi sikujali. Hakuna aliyeuliza. Nikakumbuka lile neno la Mama, kwamba watu wakifika bila kuuliza atajua amemaliza kazi. Nikataka kugeuka nimwone uso wake, nikaogopa nitalia mbele ya kwaya nzima.

Ilibaki kona moja. Ile kona yenye jiwe kubwa, ukiizunguka tu, maporomoko haya hapa. Upepo ulikuwa umeshaanza kutunyunyizia maji usoni. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshavua miwani kuifuta. Na hapo, katika kelele zile za maji, nyuma yangu ikasikika sauti tulivu, ya mtu aliyechoka kwa makusudi:

"Kiongozi, samahani. Eti, bado mbali?"

Nilisimama. Kila mtu alisimama. Nikageuka.

Mama Kiongozi alikuwa anapangusa matone ya Choma kwenye nyusi zake, amelegeza mashavu yote mawili.

Hakuna aliyecheka. Wanakwaya hawakujua ni nani hasa, lakini waliona ni mtu mzima, na waliona anavyolishika goti. Kwetu mtoto hambebeshi mtu mzima mzigo. Hata kama amekosea, hata kama mwenyewe ameomba. Ukimwona mama wa umri ule na kikapu, unakipokea, ndivyo tulivyolelewa sote, na mimi nililelewa nusu na yeye. Shabani akaitoa kola mdomoni.

"Hiyo haihesabiwi," akasema. "Mama, tumefika. Dada, endelea na boga lako, usitafute laana."

Ilikuwa njia rahisi. Ningeitikia kwa kichwa, bila hata kutumia sauti. Lakini nikaona Mama ananitazama, na macho yake hayakuwa yanacheka hata kidogo. Sheria ilikuwa kwa wote. Yule bwana mnene alibeba. Watu wa Mzinga walibeba. Kiongozi anayechagua nani sheria imguse, kesho wageni watamchagulia na njia.

Nikavuta hewa mpaka kwenye mkanda. Nikapiga goti kidogo, kama inavyopasa mbele yake, boga likiwa bado kichwani.

"Mama, shikamoo," nikasema, na sauti yangu ikalizidi Choma. "Pokea boga."

Mama Kiongozi akasema, "Marahaba!" na akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia, kile cha kukaa chini, cha kupiga nyasi kwa kiganja. Kwaya ikadaka. "Pokea bo-o-o-ga!" kwa sauti nne, na sauti ya nne ilikuwa Shabani, ambaye hakuna aliyewahi kujua anaimba. Mama akainuka, nikamsokotea kata, nikamtwika. Halafu nikamshika mkono. Sheria inasema anayeuliza atabeba, haisemi chochote kuhusu mkono. Tukaizunguka kona pamoja, taratibu, hatua zake ndogo na zangu zikizifuata, na yeye ndiye aliyeingia majini na boga, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Siku nyingine zote lilikuwa limeshachukuliwa njiani.

Tulipolitua, Shabani alikuwa bado analalamika. "Mama, umemharibia mtoto. Alikuwa anafika na watu hawajauliza. Haijawahi kutokea!"

"Ndiyo," akasema Mama, akivua vile viatu vikubwa na kutumbukiza miguu kwenye maji. "Wote hawajauliza. Nikaona, he, huyu kweli ananistaafisha." Akanitupia maji usoni. "Nimeuliza, kwa hiyo bado. Njia chukua wewe. Kustaafu sistaafu."

Boga lile tulilipika na chumvi kidogo na tui, likaisha kabla halijapoa. Wanakwaya waliligombania mpaka maganda. Shabani alikwangua sufuria, na alipomaliza akamtangazia kila mtu kwamba yeye kama shahidi ameshuhudia, na kwamba pikipiki zake zitaishia darajani.

Sasa Jumamosi naongoza mimi. Goti la Mama linamfikisha darajani tu. Huja na boga amelichagua mwenyewe, na haniachii bila kulisifu kwanza na kunionya juu ya utelezi ninaoujua. Akishanitwika, hukaa kwenye jiwe lake akalisikiliza mpaka tunaporudi. Na kila tunaporudi, kabla hata hajaitikia salamu, huuliza ni nani aliyeuliza, na wapi, na mashavu yake yalikuwaje. Mpaka leo hakuna kundi lililofika bila kuuliza. Wiki iliyopita tulikaribia. Nilipomwambia, aliniangalia kwa wasiwasi mkubwa, akasema Jumamosi hii atapanda kidogo na sisi, hata kwa mkongojo, kwa tahadhari.

Kalamu inaniishia na mkono umechoka kuliko shingo. Ninyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni na mimi, hata mistari yenu ikiwa inapanda kama yangu. Nataka kujua kwenu mtu akichoka njiani mnamwambia nini, na akiuliza kama bado mbali mnambebesha nini. Nitamsomea Mama majibu yote pale kwenye jiwe lake, kwa sauti. Sasa ninayo.